Neno Alilobakiwa Nalo Cassien

Générose aliporudi nyumbani kwake Kimisagara, mjini Kigali, mwezi wa Julai mwaka 1994, alikuta kuta zimesimama na paa halipo. Waliopita pale walikuwa wamechukua mabati, milango na vioo, hata nyaya za umeme walizing'oa ukutani. Mumewe hakuwapo tena. Watoto wake hawakuwapo tena. Zamani mtaa mzima ulimwita Mama Kubwimana, kwa jina la kifungua mimba wake. Sasa wale majirani wachache waliosalia wakikutana naye walisita kidogo, wasijue wamwiteje, kisha wakasema "mama" tu na kupita.

Alifunga turubai la buluu juu ya chumba kimoja, akaishi humo. Asubuhi alichukua nyanya na vitunguu akakaa kando ya barabara inayoteremka Nyabugogo. Hakuwa mtu wa maneno mengi siku zile. Wateja walichagua, wakalipa, wakaenda.

Mwezi wa Septemba parokia ikampatia mabati, na pamoja na mabati ikamtumia fundi. Fundi mwenyewe aliitwa Cassien Nduwayo. Wazazi wake walikimbia Rwanda yeye hajazaliwa. Alizaliwa Bujumbura, akakulia mtaa wa Buyenzi, ambako mtoto hujifunza kutukana kwa Kiswahili kabla hajajua kuvaa viatu. Alikuja Kigali nyuma ya lori mara vita vilipokwisha. Mkewe Alida na binti yao mdogo walibaki Bujumbura, wakingoja apate mahali pa kuwaweka. Alikuwa bado hajapapata. Alilala katika stoo ya parokia, kati ya magunia ya mahindi na misumari.

Huyu Cassien alikuwa na mdomo kama redio. Akiwa juu ya kenchi, zile mbao za kubeba paa, aliongea na kila aliyepita chini, anayemjua na asiyemjua. Hakuwa amesikia jina la Mama Kubwimana, wala hakuuliza mambo ya watu. Siku ya kwanza alisema tu, "Wewe, dada, jina lako nani?" Akaambiwa Générose. Basi tangu hapo ikawa dada Générose huku na dada Générose kule.

"Dada Générose! Hii nyumba iko na kuta nzuri sana. Aliyejenga alikuwa mtu!"

"Mume wangu ndiye alijenga."

Cassien alishusha nyundo. "Basi nitamwekea paa la heshima," akasema, na akaendelea kupiga misumari.

Générose aligundua kwamba alikuwa ameanza kurudi mapema kutoka barabarani, si kwa sababu biashara ilikuwa mbaya, bali kwa sababu nyumbani palikuwa na sauti ya mtu.

Ajali ilitokea mchana kweupe. Kulikuwa na upepo, ule unaotangulia mvua za kwanza. Cassien alikuwa ameshika bati akilipeleka mahali pake, upepo ukaingia chini yake na kulinyanyua kama tanga la turubai, naye badala ya kuliachia akaling'ang'ania. Générose alikuwa uani anaosha sufuria. Aliona miguu ikiacha mbao. Cassien aliangukia mtaro wa mawe ulio nyuma ya nyumba, kichwa na shingo kwanza, na bati likaendelea na safari yake hadi uwanja wa jirani.

Damu ilimtoka sikioni. Watu walimbeba kwenye ubao mpana mpaka barabarani, wakasimamisha pikapu ya shirika moja la msaada, wakamfikisha hospitali. Pale mlangoni muuguzi aliuliza, "Ndugu zake wako wapi?"

"Wako Burundi," alisema Générose.

"Nani atakaa naye? Sisi tuko wachache, mama. Mgonjwa lazima awe na murwaza wake." Ndivyo wanavyomwita Kigali mtu anayemuuguza mgonjwa wodini: anampikia, anamwosha, anamgeuza kitandani.

Générose aliangalia nyuma yake. Wale waliombeba walikuwa wameshaondoka. "Nitakaa mimi," akasema.

Hakuwa ameuguza mtu yeyote tangu mauaji yaanze Aprili. Wale wa kwake hawakumpa nafasi hiyo. Hapakuwa na kitanda, wala maji ya kuwanawisha, wala hata dakika ya kuwashika mkono. Alipovua viatu vya Cassien na kufuta vumbi katikati ya vidole vya miguu yake, alihisi mikono yake inajua kazi ambayo yeye mwenyewe alidhani ameisahau.

Daktari wa wodi aliitwa Rutayisire, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, kijana mrefu mwenye macho yaliyochoka. Alisema fuvu limepata ufa na ubongo umetikisika vibaya. Hakuahidi kitu. Lakini siku chache baadaye Cassien alifumbua macho, akamtazama Générose kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya kukwaruza:

"Bati lilikwenda wapi?"

Générose alicheka hadi akalazimika kuziba mdomo kwa kitenge. Wodi nzima iligeuka kumtazama. Jirani wa kitanda cha pili, bibi mmoja aliyeitwa Épiphanie aliyekuwa akimuuguza mwanawe aliyekatika mguu kwa bomu la ardhini, alisema, "Mungu asifiwe, huyo amerudi."

Kweli alikuwa amerudi, na redio yake pia. Aliomba chai, akasema chai ya hospitali imepikwa kwa soksi, akamsimulia mwana wa Épiphanie habari za mpira wa Buyenzi. Kitu kimoja tu kilimsumbua: shingo. Upande wa kushoto, alisema, kama mtu amemchoma msumari nyuma ya taya. Na Générose aliona jambo jingine: kope la jicho lake la kushoto lilikuwa limelegea kidogo, kama la mtu anayesinzia upande mmoja. Alidhani ni uvimbe. Cassien naye alipoonyeshwa kioo alisema, "Sasa nimekuwa mzuri nusu."

Asubuhi moja alikuwa ameketi kitandani, Générose anamnywesha uji, naye anaeleza jinsi atakavyomalizia ile safu ya mwisho ya mabati. "Nikitoka hapa, dada, naanza na kona ile ya..." akasema, na sentensi ikakatika. Uji ulimtoka pembeni mwa mdomo. Générose aliufuta, akifikiri amepaliwa. Ndipo akaona uso wa Cassien unateremka upande wa kulia, kama kitambaa kilichofunguliwa pini. Mkono wa kulia ulianguka juu ya blanketi na kukaa hapo, kiganja juu. Alijaribu kusema. Ilitoka sauti tu, haina umbo. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, na yalikuwa na hofu ambayo Générose alikuwa ameshaiona machoni mwa watu, na hakutaka kuiona tena.

"Muuguzi!" alipiga kelele. "Muuguzi, anaondoka!"

Hakuondoka. Daktari Rutayisire alikuja mbio, akamnyanyua mkono, akamkwaruza wayo, akamwangalia jicho lile la kope lililolegea. Baadaye alimwita Générose kwenye korido.

"Ni kiharusi," alisema.

"Kiharusi si ugonjwa wa wazee? Huyu hana hata mvi."

"Kinaweza kumpata hata kijana akiumia kichwa au shingo. Sikiliza, mama. Alipoanguka shingo ilijipinda. Kuna mshipa mkubwa unapita hapa," akajigusa chini ya taya, "unapeleka damu kwenye ubongo. Nadhani ulichanika kwa ndani. Damu ikaganda mahali pale palipochanika, kidogo kidogo, siku zote hizi tulizokuwa tunafurahi. Leo kipande kimebanduka, kimepanda kichwani, kimeziba njia. Upande wa kushoto wa ubongo umekosa damu. Ndio unaoamrisha mkono wa kulia na mguu wa kulia. Na maneno."

"Unadhani?"

"Nadhani. Sina mashine ya kuniambia. Nakueleza ninavyoona kwa macho."

Générose alikunja upindo wa kitenge chake. "Lile jicho niliona. Sikusema."

Daktari alimtazama. "Hata mimi niliona," akasema polepole. "Nilidhani ni uvimbe. Na hata tungejua, ningekuwa na dawa gani? Iko dawa ya kuzuia damu isigande, lakini kichwa chake kimetoka kuvuja. Ningempa, labda ningemwua. Usijibebeshe hili, mama. Una ya kutosha."

Hakuwa amemweleza habari zake. Lakini siku hizo hapakuwa na haja ya kueleza. Mtu aliangaliwa usoni tu.

Générose alitafuta dereva wa lori anayekwenda Bujumbura akampa ujumbe wa mdomo kwa Alida, mke wa Cassien fundi, Buyenzi: mumeo ni mzima lakini anaumwa sana, njoo. Kisha akarudi kitandani.

Kazi ikabadilika. Daktari alimfundisha kumgeuza Cassien ili mgongo usitoke vidonda, kumlisha kwa upande ulio hai, kuuchezesha mkono uliolala: kukunja, kukunjua, kidole kimoja kimoja, hata kama mwenyewe hauhisi. Générose alifanya hivyo asubuhi na mchana na jioni. Nyanya zake zilioza kwenye ndoo, akazitupa.

Na neno likaja. Lilikuwa moja tu. Siku moja Cassien aliangalia kikombe cha maji, akakunja uso, akajikamua kama mtu anayenyanyua gogo, na akasema waziwazi, "Basi."

"Unataka maji?"

"Basi," alisema, akitikisa kichwa kukubali.

Tangu siku hiyo kila kitu kikawa basi. Maji yalikuwa basi, mto wa kichwa ulikuwa basi, maumivu yalikuwa basi. Alikuwa akiwaza neno jingine kabisa, ungemwona analitafuta, lakini mdomo ulipofunguka lilitoka hilo hilo, naye akijisikia alishtuka na kupiga godoro kwa mkono wa kushoto. Générose alijifunza kuyatofautisha. Kulikuwa na basi ya kupanda ya kuuliza, basi fupi ya hasira, basi ndefu ya kumshukuru mtu. Siku mhudumu mmoja alipomwangushia beseni kwenye mguu wake mzima, lilimtoka tusi la Buyenzi, zima, safi, lenye mama wa mtu ndani yake. Wodi ililipuka kwa kicheko, na Épiphanie alijifanya hakusikia. Cassien mwenyewe alicheka kwa nusu ya uso, akajaribu kulirudia. Ikatoka basi. Hapo alilia, na Générose alimgeuzia uso ukutani ili wengine wasimwone.

Alida alifika mchana mmoja, vumbi la safari likiwa bado kichwani, akimshika mkono Umutoni, binti wa miaka mitano. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mwendo wa haraka. Alisimama katikati ya wodi akitafuta mumewe, na alipompata alimwona anaoshwa kifua na mwanamke asiyemjua, mwanamke aliyekuwa akimwongelesha taratibu kwa jina lake.

"Cassien."

Cassien aligeuka. Nusu ya uso wake ikang'aa. "Basi!" akasema. "Basi, basi, basi."

Umutoni alijificha nyuma ya sketi ya mama yake. Alida hakumsogelea mumewe. Alimtazama Générose, kitambaa kilicholowa mkononi mwake.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Générose. Ndimi niliyetuma..."

"Sikuuliza jina. Wewe ni nani kwake?" Kisha akamgeukia mumewe. "Huyu mwanamke ni nani, Cassien? Miezi yote unaniambia bado natafuta nyumba, bado natafuta nyumba. Huyu ndiye nyumba?"

Cassien alijikamua. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alimnyooshea Générose mkono wa kushoto, akaupeleka juu, kuelekea dari, akaushusha kwa ghafla, akionyesha paa, kuanguka, kila kitu, na alichoweza kutoa kwa juhudi zote hizo kilikuwa, "Basi."

"Unaniambia basi?" sauti ya Alida ilipasuka. "Mimi ninyamaze?"

Générose aliweka kitambaa kwenye beseni. Alitaka kueleza, lakini aliona yule mtoto anavyotetemeka, na ghafla akachoka kabisa, mpaka kwenye mifupa. "Mumeo amekula," akasema. "Mgeuze kabla ya jioni. Usimlishe upande wa kulia, atapaliwa." Akafunga kitenge chake, akaondoka.

Alipokwisha toka, Épiphanie, ambaye alikuwa akimenya viazi mlangoni na hakupitwa na neno, alimwita Alida. "Binti yangu, njoo ukae hapa."

"Nimesimama tu, bibi."

"Kaa." Alida akakaa. "Mumeo aliletwa hapa kama maiti. Alianguka kutoka paa la yule mama. Yule mama hana mtu, umenielewa? Hana mume, hana mtoto, hana hata wa kumchotea maji. Ndiye aliyeosha uchafu wa mumeo wote. Neno basi si la kukufukuza. Ndilo neno pekee ambalo Mungu amemwachia. Akikuita, anasema basi. Akinitukana mimi, anasema basi. Kiharusi kimemla maneno."

Alida aliangalia maganda ya viazi. Kisha alikwenda kitandani, akapiga magoti, akauchukua ule mkono uliolala akauweka shavuni mwake. Cassien alitamka neno lake kwa upole, mara moja. Safari hii Alida alilisikia.

Kesho yake alimwacha Umutoni kwa Épiphanie, akauliza njia mpaka Kimisagara. Alikuta nyumba yenye paa jipya linalometameta, isipokuwa upande mmoja ambako kenchi zilikuwa uchi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Ndani, chini ya ule uwazi, Générose alikuwa anachota maji sakafuni kwa kibakuli. Walitazamana.

"Mvua inaingia," alisema Alida, kwa kukosa la kusema.

"Inaingia."

"Wiki zote hizi ulikuwa unalala hapa, ukienda kumwosha mtu ambaye si wako?"

Générose aliendelea kuchota. "Aliniambia atamwekea mume wangu paa la heshima. Hakunijua, akasema hivyo." Akanyoosha mgongo. "Na mimi wangu sikuwauguza, dada. Sikupewa. Huyu nilipewa."

Alida alivua viatu, akakunja sketi, akachukua kibakuli kingine. Walifanya kazi mpaka sakafu ikakauka. Hakuomba radhi kwa maneno, na Générose hakuyangoja. Ila walipofika hospitali pamoja, Alida alimvuta Umutoni kutoka nyuma ya kiti cha Épiphanie akamsukuma mbele.

"Msalimie shangazi yako," alisema.

Mtoto aliangalia juu. Baba yake hakuwa na dada, alilijua hilo. Lakini mama yake alikuwa amesema, kwa hiyo akanyoosha mkono. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alisema Générose, akiupokea mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

Cassien aliruhusiwa kutoka mwezi wa Novemba. Fundi mwingine wa parokia alimalizia paa, na wote wanne wakaishi chini yake, Alida na mumewe na mtoto katika chumba kikubwa, Générose katika chumba chake. Mguu ulirudi kwa sehemu. Alitembea kwa fimbo, akiuburuta. Mkono haukurudi. Daktari Rutayisire alikuwa amesema hivyo mapema, ili wasije wakalaumiana wakingojea: mwaka wa kwanza ndio wa kuvuna, mengine ni ya kuzoea. Maneno yalirudi machache machache, yakichelewa. Maji. Hapana. Alida. Siku alipotamka jina la mkewe, Alida alikuwa anamenya muhogo, akajikata kidole.

Haikuwa rahisi. Yule mtu wa redio alikasirika upesi, alilia kwa vitu vidogo, akasukuma sahani. Alida alikuwa akienda nyuma ya nyumba kupumua. Umutoni alikaa wiki nzima akiogopa ule upande wa uso usiocheka, mpaka Générose akamweka magotini na kumwambia, "Kichwani mwa baba kuna barabara nyingi. Moja imeangukiwa na mawe. Baba yupo upande wa pili, anatusikia vizuri kabisa, anatafuta pa kupitia." Mtoto alifikiri. Kisha akahamia kukaa upande wa kushoto wa baba yake, ule wenye mkono wa kumshika.

Générose alirudi barabarani na nyanya zake, na Cassien akaanza kumfuata, kwanza kwa kukosa la kufanya. Alikaa juu ya kreti, na kwa mkono wa kushoto akapanga mafungu. Aliyapanga kifundi, kwa mstari ulionyooka, nyanya kubwa chini na ndogo juu, na mteja akigusa fungu ili kuchagua, alimkazia macho mpaka aache. Watu wakaanza kununua kwa kuvutiwa na yale mafungu.

Jioni moja ya Desemba mawingu yalishuka juu ya mlima Kigali wakiwa bado hawajamaliza kuuza. Wachuuzi wenzao walikusanya vitu vyao wakatimka. Alida alikuwa amekuja kuwapokea, akajitwika ndoo ya vitunguu. Générose akachukua nyanya, Umutoni fimbo ya baba yake, kwa sababu aliomba kuibeba, na Cassien akashika bega la Générose badala yake. Mvua iliwakuta njiani, kubwa, ya kupiga mgongo. Watu waliwapita mbio, magazeti na mifuko vichwani. Wao waliendelea kupanda kilima polepole, mguu ule ukiburutika kwenye tope jekundu, na hakuna aliyewahimiza wenzake.